Njia ya reli ya modeli

Njia ya reli ya modeli ni njia ndogo ya reli ambayo juu yake hupita treni za modeli, yaani treni zilizotengenezwa kwa kufuata treni halisi katika kipimo kilichopunguzwa. Kama njia halisi, huwa na reli mbili, mataruma yanayozishika reli hizo, kokoto, na pointi za kuhamishia treni kutoka njia moja hadi nyingine. Tofauti kubwa ni kwamba katika modeli nyingi reli ni waya pia, kwa kuwa umeme wa kuendesha injini hupitia humo. Kwa hiyo kasoro ndogo, kwa mfano kiungio kilicholegea au utando mwembamba wa uchafu, inaweza kusimamisha treni.

Watu wengi huanza burudani hii kwa kununua injini nzuri, kisha hufikiria njia baadaye. Utaratibu huo una hasara. Injini inaweza kuuzwa na nyingine ikanunuliwa, lakini njia iliyogundishwa na kufunikwa kokoto ni vigumu kuiondoa bila kuiharibu. Kwa anayetaka kuonyesha reli za Afrika Mashariki uamuzi unahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu eneo hili lina njia za upana mbalimbali, ilhali bidhaa nyingi za kiwandani hufuata reli za Ulaya na Marekani.

## Skeli na upana

Vipimo viwili huchanganywa mara nyingi. Skeli ni uwiano kati ya modeli na kitu halisi. Upana wa njia, au geji, ni umbali kati ya nyuso za ndani za reli mbili. Skeli moja inaweza kuwa na upana wa njia zaidi ya mmoja, kama vile katika hali halisi injini za ukubwa unaokaribiana hupita kwenye njia pana na njia nyembamba.

Skeli inayotumika zaidi duniani ni HO, ambayo ni 1:87. Njia yake ya kawaida ina upana wa milimita 16.5, unaowakilisha njia halisi ya milimita 1,435. Skeli ya N ni 1:160 na hutumia njia ya milimita 9. Ile ya Z ni 1:220 na hutumia milimita 6.5. Uingereza huwa na skeli yake ya OO, takriban 1:76, lakini juu ya njia ileile ya milimita 16.5. Ukizidisha unapata milimita 1,257 tu, kwa hiyo treni za OO husimama juu ya njia iliyo nyembamba kuliko inavyopaswa. Kosa hilo linajulikana tangu zamani, na wengi wamelizoea.

Hesabu ya kuchagua ni rahisi: upana wa njia halisi hugawanywa kwa skeli. Jibu hulinganishwa na upana unaopatikana madukani.

Viwango vya Ulaya, viitwavyo NEM, huongeza herufi nyuma ya jina la skeli ili kuonyesha njia nyembamba. Herufi "m" ni ya njia halisi za kuanzia milimita 850 hadi chini ya 1,250. Hivyo HOm ni skeli ya 1:87 juu ya njia ya milimita 12.

## Hesabu hiyo kwa reli za Afrika Mashariki

Reli za kwanza kubwa za Kenya, Uganda na Tanganyika zilijengwa kwa upana wa mita 1. Waingereza walianza reli ya Uganda kutoka Mombasa mwaka 1896 na kufika Ziwa Viktoria mwaka 1901. Wajerumani walianza reli ya Usambara huko Tanga mwaka 1893, na Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Iliyofika Kigoma mwaka 1914. TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 kwa msaada wa China, ina upana wa milimita 1,067 ili iungane na reli za Zambia na nchi za kusini. Reli za SGR za Kenya, iliyofunguliwa mwaka 2017 kati ya Mombasa na Nairobi, na ya Tanzania, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024, zina milimita 1,435.

Katika skeli ya 1:87 njia ya mita 1 inahitaji milimita 11.5, na ya TAZARA inahitaji milimita 12.3. Njia ya HOm ya milimita 12 iko katikati, na macho hayatambui tofauti. Kwa hiyo huko Kidatu, ambako njia ya mita 1 hukutana na ya TAZARA na mizigo hulazimika kuhamishwa kutoka treni moja hadi nyingine, mjenzi wa modeli anaweza kuziunganisha njia ambazo wahandisi walishindwa kuziunganisha. Akifanya hivyo, hata hivyo, anaondoa sababu yenyewe ya Kidatu kuwa na kazi ya kuhamisha mizigo. SGR huenda moja kwa moja kwenye njia ya kawaida ya milimita 16.5, na ndiyo rahisi kuliko zote kwa upande wa vifaa.

Zanzibar ni mfano tofauti. Sultani Barghash bin Said alikuwa na reli ndogo kutoka mjini hadi kasri lake la Chukwani, iliyovutwa kwanza na nyumbu na baadaye na injini ya mvuke. Ilikoma baada ya kifo chake mwaka 1888. Mwaka 1905 kampuni ya Kimarekani ya Arnold Cheney ilijenga reli ya maili 7 kutoka mjini hadi Bububu, yenye upana wa futi 3, yaani milimita 914. Katika 1:87 upana huo ni milimita 10.5, na Wamarekani wana njia ya kipimo hicho hasa, iitwayo HOn3. Kwa viwango vya NEM milimita 914 huangukia katika herufi "m", kwa hiyo HOm pia inakubalika, ingawa njia itaonekana pana kidogo. Reli ya Bububu inafaa sana kwa modeli: ilikuwa fupi, treni zake zilikuwa ndogo, na ilipita katika mitaa myembamba ya mji, hivyo kona kali si jambo la kuonea aibu. Hata hivyo, maili 7 katika 1:87 ni karibu mita 130. Hakuna chumba cha nyumbani kinachoweza kubeba urefu huo, na kila modeli ya reli halisi ni lazima ifupishwe.

Kuna mtego mmoja. Skeli ya TT, 1:120, nayo hutumia njia ya milimita 12, lakini kwa kuwakilisha njia ya milimita 1,435. Reli zinalingana na HOm, bali mataruma ni mafupi na yamekaribiana mno. Treni itapita, ila picha itakuwa ya njia kubwa ya mbali badala ya njia nyembamba ya karibu.

Anayejenga bustanini ana bahati. Skeli ya 1:22.5 hutumia njia ya milimita 45, na 45 mara 22.5 ni 1,012. Hiyo ni karibu kabisa na njia ya mita 1, bila kulazimisha chochote.

## Aina za njia

Njia ya vipande huja ikiwa imekatwa kiwandani, minyoofu na ya kona zenye kipimo maalumu. Hushikana na kuachana kwa urahisi, kwa hiyo inafaa kwa mtoto au kwa kujaribu mpango sakafuni. Ubaya wake ni wingi wa viungio, na kila kiungio ni mahali ambapo umeme unaweza kukatika. Njia inayopindika huuzwa kwa vipande virefu vya karibu sentimita 90, na mjenzi huipinda apendavyo na kukata reli kwa msumeno wa meno madogo. Karibu modeli zote zilizojengwa kwa kudumu hutumia hii.

Aina ya tatu ni njia ya kutengeneza kwa mkono. Afrika Mashariki ina sababu yake ya pekee ya kuifikiria, nayo ni mchwa. Taruma la mbao lililolazwa ardhini huliwa upesi, kwa hiyo wajenzi wa reli ya Uganda na wa reli za Wajerumani walitumia zaidi mataruma ya chuma, yaliyokunjwa kama sinia lililofudikizwa. TAZARA na SGR zimetandikwa juu ya mataruma ya zege. Njia nyingi za kiwandani kwa upande mwingine zina mataruma ya plastiki yaliyochorwa nyuzi za mbao. Njia ya zege hupatikana katika milimita 16.5, lakini mataruma ya chuma ya njia ya mita 1 ni adimu. Baadhi ya wajenzi hufunika mbao hizo kwa rangi ya kutu na kokoto nyingi. Wengine hukata vijiti vya bodi ya saketi yenye utando wa shaba, ile inayouzwa kwa mafundi wa redio, na kulehemu reli juu yake. Utando wa shaba hukwaruzwa katikati ya kila kijiti ili reli mbili zisigusane kiumeme. Kijiti kimoja kikisahauliwa, shoti inayotokea ni ngumu kuipata kati ya mataruma mia mbili yanayofanana.

Kimo cha reli nacho huchaguliwa. Watengenezaji hukitaja kwa sehemu za elfu za inchi, hivyo "kodi 100" ni reli ya milimita 2.54 na "kodi 75" ni ya milimita 1.9. Reli halisi ya kilo 60 kwa mita, ya aina itumikayo kwenye njia nzito za kisasa, ina kimo cha milimita 172. Katika 1:87 ni karibu milimita 2, hivyo kodi 75 au 83 inafaa. Reli ya kwanza ya Uganda ilikuwa nyepesi mno, ya ratili 50 kwa yadi, na huhitaji kodi 55 au chini yake. Hata hivyo reli ndefu huvumilia magurudumu ya zamani yenye kingo nene, ambayo kwenye reli fupi hugonga vishikio vya mataruma. Mwenye injini kuukuu apime kwanza.

## Metali ya reli na hewa ya pwani

Reli za modeli hutengenezwa kwa chuma, kwa shaba ya njano (aloi ya shaba na zinki), au kwa aloi ya shaba, nikeli na zinki. Ya tatu huwa na rangi ya fedha, ingawa haina fedha ndani yake.

Katika nchi kavu na baridi tofauti zao ni ndogo. Pwani ni kubwa. Hewa ya bahari hubeba chumvi na unyevu, na katika kisiwa kidogo kama Fundo, kando ya Pemba, hakuna nyumba iliyo mbali na maji. Reli ya chuma hushika kutu huko hata ikiwa ndani ya chumba, na kutu haipitishi umeme. Shaba ya njano haioti kutu, lakini hufunikwa na utando mweusi ambao nao huzuia umeme, na lazima isuguliwe mara kwa mara. Aloi yenye nikeli pia hupoteza mng'ao, lakini utando wake huzuia umeme kwa kiasi kidogo zaidi. Ndiyo inayostahili fedha za ziada kuanzia Wete hadi Mombasa. Reli za bustanini za milimita 45 huwa za shaba ya njano kwa sababu ni nene na hustahimili mvua. Huko wengi huepa tatizo la umeme kwa kuweka betri ndani ya treni.

Kusugua reli kwa msasa ni kosa la kawaida. Msasa huacha mikwaruzo, na uchafu hukaa ndani ya mikwaruzo hiyo. Kitambaa kisicho na nyuzi kilicholoweshwa spiriti hutosha.

## Kona na miinuko

Kanuni inayotumika sana ni kwamba nusu kipenyo cha kona kisipungue mara 3 ya urefu wa gari refu kuliko yote. Behewa la mita 25, kama ya reli za kisasa, ni sentimita 29 katika 1:87, hivyo linataka kona ya sentimita 86. Behewa la mita 18 la njia ya mita 1 linataka sentimita 62. Katika jambo hili modeli inarudia sababu ya wahandisi wa zamani: njia nyembamba iliwaruhusu kukunja kona kali na kupunguza gharama ya kukata milima.

Plaiwudi ya kawaida ya futi 4 kwa 8 ina upana wa sentimita 122. Duara la nusu kipenyo cha sentimita 62 halienei juu yake hata kwa njia nyembamba, na la SGR halikaribii. Mwenye ubao mmoja tu ana njia tatu: akubali kona kali na mabehewa mafupi, apunguze skeli, au aache duara na kujenga stesheni kwenye rafu ndefu ukutani. Rafu ndiyo inayotumia nafasi vizuri zaidi, ingawa wanaoanza huikataa kwa sababu treni haizunguki.

Urefu wa injini pekee haupaswi kumtisha mtu. Injini za Garratt za daraja la 59 za shirika la reli la Afrika Mashariki, zilizopewa majina ya milima, zilikuwa kubwa kuliko injini zote za mvuke za njia ya mita 1. Katika 1:87 injini moja hufikia karibu sentimita 36. Lakini ina viungo viwili vya kupindia, hivyo modeli yake hupita kwenye kona ambayo injini fupi yenye magurudumu mengi yaliyofungwa pamoja hukwama. Kinachopaswa kuangaliwa ni tangi la mbele, ambalo hutoka nje ya njia kwenye kona na kugonga majukwaa na kuta za mahandaki.

Kona mbili zinazopinda pande tofauti zisifuatane bila kipande kinyoofu katikati, chenye urefu wa behewa moja. Bila hicho, mabehewa husukumana pembeni na kuanguka, hasa treni inaporudi nyuma.

Mwinuko wa asilimia 2, yaani sentimita 2 kwa kila mita, unatosha kwa treni nyingi. Ili njia moja ipite juu ya nyingine katika HO inahitajika nafasi ya karibu sentimita 7.5 pamoja na unene wa daraja, kwa hiyo mpando una urefu wa mita 3.75. Duara moja la nusu kipenyo cha sentimita 60 lina mzingo wa karibu urefu huohuo. Hivyo anayetaka kuiga mzunguko wa Mazeras, karibu na Mombasa, ambako njia ya zamani ya mita 1 hujizungusha na kupita juu yake yenyewe, anaweza kuufanya kwa duara moja. Treni ndefu itasota, kwa kuwa kona huongeza msuguano juu ya mwinuko.

## Kutandika

Msingi hutengenezwa kwa fremu ya mbao iliyokauka vizuri na plaiwudi ya milimita 9 hadi 12 juu yake. Mbao mbichi hupinda inapokauka na kuichukua njia pamoja nayo. Mbao, tena, huvimba na kunywea kwa unyevu kuliko reli zinavyorefuka kwa joto, kwa hiyo kupaka rangi pande zote za ubao, hata chini, husaidia kuliko wengi wanavyodhani. Pimamaji hutumika kabla ya kipande cha kwanza kuwekwa.

Mpango huchorwa kwa ukubwa wake kamili juu ya ubao. Mstari wa katikati ya njia huchorwa kwa penseli. Kona huchorwa kwa msumari, kamba isiyovutika na penseli. Pointi ndizo huwekwa kwanza, kwa sababu hazipindiki, na njia ya kawaida hukatwa kufuata zilipo. Chini ya njia huwekwa utando wa koki au sponji ngumu ili kupunguza kelele. Bila hiyo plaiwudi hulia kama ngoma.

Ncha za reli zilizokatwa husawazishwa kwa tupa. Kidole kikipitishwa juu ya kiungio hakipaswi kuhisi kitu. Pengo dogo la karibu nusu milimita huachwa kila baada ya mita moja. Kwenye kona, hata hivyo, vipande viwili hulehemiwa pamoja vikiwa vimenyooka, kisha hupindwa kama kipande kimoja, la sivyo kiungio hutoa pembe.

Umeme usiachiwe viungio pekee. Waya mbili nene hupita chini ya ubao, na kila kipande cha reli huunganishwa nazo kwa waya nyembamba zilizolehemiwa ubavuni mwa reli. Kazi hii huchosha na ndiyo inayorukwa zaidi. Baada ya mwaka mmoja wa hewa ya chumvi hujulikana ni nani aliyeiruka. Katika mfumo wa kawaida wa reli mbili, njia inayojikunja na kurudi ilikotoka huleta shoti, kwa sababu reli ya kulia hukutana na ya kushoto. Kitanzi cha namna hiyo, na pembetatu ya kugeuzia injini, lazima vitengwe kwa mapengo katika reli zote mbili na vipewe swichi yake.

Njia hujaribiwa kabla ya kokoto. Behewa jepesi husukumwa kwa kidole mbele na nyuma, kisha injini ndogo kuliko zote huendeshwa polepole juu ya kila pointi, kwani injini kubwa huficha kasoro. Ndipo kokoto humwagwa, husambazwa kwa brashi, na kuloweshwa maji yenye tone la sabuni ya vyombo, halafu gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji kiasi sawa. Ndimi za pointi huachwa wazi. Mchanga wa ufukweni huvutia kwa kuwa haununuliwi, lakini una chumvi, na aghalabu una chembe nyeusi zinazofuata sumaku ambazo huingia ndani ya mota za injini. Hufuliwa kwa maji baridi mara kadhaa, hukaushwa juani, hupitishwa kwenye chekeche, kisha sumaku huburutwa ndani yake mpaka isitoke na kitu.